Baada ya kutundika daluga: nianze na ajira, au niweke akiba yangu kwenye biashara?

Kiungo Mkabaji ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu. Nimecheza soka la kulipwa tangu nilipomaliza shule, katika madaraja ambayo mshahara wake unamwezesha mtu kuishi vizuri lakini haumtoshi kukaa bila kazi maisha yake yote. Mkataba wangu wa mwisho umekwisha, goti halistahimili tena mazoezi ya kila siku, na sina hamu ya ukocha wala uchambuzi wa redioni. Ninataka kufanya biashara.

Nina milango miwili mbele yangu. Wa kwanza ni kampuni inayosambaza vifaa tiba, ambayo imekubali kuniajiri katika idara ya mauzo kwa mshahara mdogo mno ukilinganishwa na niliokuwa nikiupata. Wa pili ni rafiki wa siku nyingi anayetaka niweke karibu akiba yangu yote katika mgahawa mkubwa utakaobeba jina langu, nami nimiliki nusu ya hisa. Nina umri wa miaka 34, na wenzangu niliosoma nao sasa ni mameneja. Je, kuanzia chini katika umri huu kuna maana? Na ni kitu gani hasa nilichokipata uwanjani ambacho kina thamani huko ninakokwenda, ukiacha maneno ya jumla kama nidhamu na moyo wa timu?

Beki wa Kati amejibu:

Ndugu yangu, nilicheza beki wa kati na sasa ninasimamia timu ya mauzo katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, kwa hiyo mlango wa kwanza ninaujua kwa ndani. Jina litakupatia miadi, na hapo ndipo kazi yake inapokoma. Katika moja ya vikao vyangu vya mwanzo, nikiwa nimeambatana na mama mmoja aliyekuwa akinifundisha kazi, ofisa manunuzi wa upande wa pili alitaka nimsimulie penalti ambayo yeye aliikumbuka kuliko mimi. Tulicheka na kupiga picha. Kisha alimgeukia yule mama, si mimi, akamuuliza bei itabadilikaje iwapo watalipa baada ya siku 60 badala ya 30. Mama alijibu papo hapo, kwa sababu alijua kwamba siku 30 za ziada ni mkopo ambao kampuni inampa mteja, na kwamba lazima gharama yake ibebwe na mtu. Jibu hilo ndilo lililoleta agizo. Penalti ilileta chai.

Kuhusu thamani ya uwanjani, nitataja jambo moja ambalo sikulitarajia. Mchezaji amezoea kukaa chumba kimoja na wenzake, mkanda wa mechi ukirudiwa, kocha akisimamisha picha mahali pale pale alipokosea, na jioni ileile akaendelea na mazoezi bila kinyongo. Watu wengi maofisini hawajawahi kukosolewa kwa namna hiyo, na wanapokosolewa wanatumia wiki nzima kujitetea. Ukiweza kumuuliza mteja aliyekukataa ni kwa nini alikukataa, ukaandika jibu lake na kurudi baadaye na pendekezo jipya, utawapita wengi waliokutangulia kwa shahada.

Kuna na madhara yake. Klabu ilikutafutia nyumba, tiketi, daktari na hata mtu wa kukujazia fomu, kwa hiyo kazi ndogondogo za ofisi zitakuchosha kuliko unavyodhani. Jambo jingine ni kwamba mechi hukupa matokeo baada ya dakika 90, ilhali hospitali inaweza kuchukua miezi mingi kuamua kununua mashine moja, ikipitia zabuni, majaribio, idhini ya bajeti na mafunzo ya watumiaji. Wenzetu wengi huacha kazi katika kipindi hicho cha ukimya, wakiamini wameshindwa, kumbe mambo yanakwenda kama kawaida.

Umri usikusumbue. Edwin van der Sar, golikipa wa Uholanzi, alistaafu soka mwaka 2011 akiwa na miaka 40, akasomea uongozi wa michezo, akaanza katika klabu ya Ajax upande wa masoko, na ukurugenzi mkuu ukaja mwaka 2016. Mtu mwenye jina kubwa kuliko letu sote hapa alikubali kupita darasani kwanza.

Mhasibu amejibu:

Nitazungumzia mlango wa pili tu, kwa kuwa ndio unaoweza kukuumiza. Kasoro ya pendekezo la rafiki yako, kwa jinsi ulivyolieleza, ni kwamba wewe unatoa fedha, jina na nusu ya hatari, ilhali hujatueleza yeye anatoa nini. Nusu ya hisa si udhibiti. Ikiwa yeye ndiye atakayetia saini hundi, kuajiri meneja na kuchagua wasambazaji, basi wewe ni mfadhili mwenye picha ukutani.

Zaidi ya hapo, uliza kama mwenye jengo au benki itataka dhamana yako binafsi. Kampuni yenye dhima ya kikomo hulinda mali ya wanahisa wake, lakini mwanahisa anayeweka saini ya dhamana binafsi ameuvunja ukuta huo kwa mkono wake mwenyewe: mgahawa ukifungwa, deni la kodi ya pango litamfuata nyumbani.

Wachezaji wana tatizo ambalo wafanyabiashara wengine hawana. Utafiti wa chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wastani wa muda wa mkataba ni chini ya miaka miwili, na kwamba asilimia 41 ya waliohojiwa walikuwa wamecheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia. Mtu aliyeishi hivyo huzoea kuamini kwamba usajili mwingine utakuja kuziba pengo. Kwako usajili mwingine haupo, kwa hiyo akiba hiyo si mtaji wa kujaribia bahati. Uholanzi walilitambua hili mapema: tangu mwaka 1972 wana mfuko ambao mchezaji wa kulipwa hulazimika kuuwekea sehemu ya mapato yake, na fedha hizo hurudishwa kwake kidogokidogo baada ya kustaafu. Wewe huna mfuko huo, basi jiwekee sharti lake mwenyewe.

Wala usidhani kwamba ni wachezaji wasiosoma tu wanaonaswa. Nchini Uingereza, wachezaji wengi waliingizwa na washauri wao katika ubia wa kugharimia filamu, wakiahidiwa nafuu ya kodi. Baadaye mamlaka ya kodi iliipinga mipango hiyo na kuwadai fedha nyingi. Kama huwezi kumweleza mtu mwingine, kwa sentensi zako mwenyewe, faida ya biashara inatoka wapi, usiingie.

Mchuuzi amejibu:

Naheshimu waliotangulia, ila sikubaliani kwamba njia ya ajira ndiyo pekee yenye busara. Dave Whelan alivunjika mguu akiichezea Blackburn Rovers katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1960, na biashara yake ilianzia kwenye meza ya sokoni. Alipanda hadi maduka ya vyakula, aliyoyauza kwa Morrisons, kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, mwaka 1978, kisha akalikuza duka moja la vifaa vya michezo huko Wigan likawa JJB Sports. Mwaka 1995 aliinunua Wigan Athletic, nayo ikatwaa Kombe la FA mwaka 2013. Hakujifunza bei kwa kuajiriwa. Alijifunza kwa kuuza bidhaa ndogo, akiona kwa macho yake kipi kinatoka na kipi kinalala.

Mathieu Flamini, kiungo wa Ufaransa, naye hakungoja kustaafu. Mwaka 2008, alipokuwa amehamia AC Milan, alianzisha kampuni ya kemikali itokanayo na mimea pamoja na mshirika wake Pasquale Granata. Vyombo vya habari viliwahi kumtangaza kuwa tajiri wa mabilioni, kwa kuchanganya makadirio ya soko zima na mfuko wake, lakini hilo halifuti ukweli kwamba alikaa ndani ya biashara moja kwa miaka mingi bila kuitangaza.

Ninachopinga kwa hiyo ni ukubwa wa mgahawa, si biashara yenyewe. Mwambie rafiki yako mwanzie jiko dogo lisilo na jina lako. Akikataa, utakuwa umejua anachokitaka ni nini.

Kiungo Mkabaji:

Nashukuru sana. Rafiki yangu anasema nafasi ya jengo itapotea, na kampuni inataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Je, ninaweza kuchukua ajira na wakati huohuo kuingia mgahawani kwa kiasi kidogo?

Mhasibu:

Unaweza, ikiwa kiasi hicho ni kile ambacho kikipotea chote hakitabadilisha mahali unapoishi wala shule ya watoto. Usiweke dhamana binafsi. Jina lako litumike kwa mkataba tofauti wenye muda maalumu, unaolipiwa na unaokoma siku utakapotoka. Dai kwa maandishi haki ya kuona hesabu kila mwezi, na namna ya kuthamini hisa zako siku ukitoka ikubaliwe sasa, wakati bado mnapendana. Kabla ya kusaini chochote, soma pia mkataba wako wa ajira, kwani kampuni nyingi hutaka mfanyakazi atangaze biashara zake za nje.

Beki wa Kati:

Nami naongeza la upande wa ajira. Usibishanie sana mshahara wa msingi. Uliza kamisheni inahesabiwa agizo linapotolewa au mteja anapolipa. Katika vifaa tiba, tofauti ya tarehe hizo mbili inaweza kuwa nusu mwaka.