Saundiba ipi ya bei nafuu kwa TV ya mama, au nichukue sabufa tu?

Kikwajuni_Juu
Assalaam alaykum wanajamvi. Nataka kununua saundiba ya TV ya nyumbani. Mfuko wangu laki tatu, nikijivuta sana laki tatu na nusu. Picha ya TV iko safi, tatizo ni sauti. Mama anaongeza mpaka 70 na bado anauliza "kasema nini huyo?" Nimetazama tatu: Sony HT-S100F, JBL Bar 2.0 ile fupi, na Hisense HS214. Kuna rafiki ananambia niachane nazo zote nichukue sabufa. Ipi yafaa? Nahitaji jibu kabla ya Alkhamis.

Fundi_Mlandege
Waalaykum salaam. Ndugu, umeuliza nusu. TV ya kampuni gani, inchi ngapi? Nyuma ina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, lile linaloitoa sauti ya TV kwenda kwenye saundiba, au halina? Imetundikwa au imekaa juu ya kabati? Mama anatazama nini zaidi? Usipoyasema hayo, kila mtu hapa atakutajia aliyonayo nyumbani kwake.

Jangombe_Halisi
Sabufa, wala usijiumize kichwa. Ina redio, ina flashi, ina kadi, na taarab ikilia unaisikia kama uko ukumbini mbele ya wapigaji. Saundiba za bei hiyo hazina besi. Mie sabufa yangu ina wati elfu tatu na imenivusha Sikukuu ngapi, haijawahi kuguswa na fundi.

BintiChake
Mwenzetu kasema mama hasikii maneno, hajasema anataka kupiga shughuli. Besi haimsaidii mtu kusikia maneno, ndiyo kwanza inayafunika. Ninayo HS214 hapa Chake. Sabufa yake imo ndani kwa ndani, hakuna boksi la pili la kuweka chini watoto wakalipiga mateke. Habari nasikia neno kwa neno, na mawaidha ya Ramadhani vilevile. Mie nasema Hisense.

Fundi_Mlandege
BintiChake kasema kweli, naongeza kidogo. TV za siku hizi ni nyembamba na spika zake zinatazama chini au nyuma. Sauti inapiga kabati au ukuta kwanza ndipo imfikie mtu. Saundiba, hata ndogo, spika zake zinatazama mbele, na hapo tu umeshapata nusu ya unachokitafuta.

Na wewe Jang'ombe, hizo wati elfu tatu ni PMPO, hesabu ya kuandikia boksi. Tazama RMS, ndiyo nguvu ambayo kitu kinaitoa kwa kudumu. Ile Sony imeandikwa wati 120, JBL 80, HS214 108, na kwa ukumbi wa kawaida zinatosha na kubaki.

Jangombe_Halisi
Wati siyo wati? Sabufa yangu ikiwashwa madirisha yanatikisika. Hiyo 80 yatikisa nini?

Mkaazi_wa_Fuoni
Kabla hamjafika mbali, mie namuomba mwenye mada asikie jambo moja: asiguse mtumba wa Japani.

Mwaka jana nilinunua seti hapa mjini, duka silitaji. Saundiba ndefu na sabufa yake, ya kampuni kubwa, safi haina hata mkwaruzo. Muuzaji akaniwashia palepale dukani, ikalia vizuri, nikalipa. Waya ulikuwa na plagi ya pini tatu kama zetu, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kutia shaka. Nikaifikisha nyumbani, nikaichomeka, ikanguruma kidogo, na haukupita muda harufu ya kuungua ikajaa ukumbi mzima. Moshi ukatoka kwenye lile tundu la nyuma la sabufa. Mke wangu akakimbilia swichi, mie nawatoa watoto nje.

Fundi alipofungua tukakuta transfoma imeungua nyeusi na kapasita zimevimba vichwa. Akaigeuza akanionesha kibandiko cha nyuma: maandishi yote ya Kijapani, unachoweza kusoma ni 100V tu. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Duka lilikata plagi yake ya pini mbili bapa likafunga ya pini tatu, na pale dukani walikuwa wameichomeka kwenye kile kiboksi cha kupunguza umeme, kipo chini ya meza, mteja hakioni. Niliporudi nikaambiwa mtumba haurudishwi. Pesa yangu imekwenda, na kama moto ungeshika pazia ningekuwa nazungumza mengine leo.

Kwa hiyo geuza kitu, soma kibandiko. Kama hakikuandikwa 220–240V, au 100–240V, weka chini uondoke.

Shangani_Mwanamke
Pole sana, Fuoni. Mtu kukata plagi ya asili ili mnunuzi asijue ni dhulma. Hao ndio wa kutangazwa.

Mkaazi_wa_Fuoni
Ahsante dada. Wa kutangazwa kweli, lakini karatasi niliyopewa haina jina la duka wala muhuri. Siku hizi sinunui kitu cha umeme bila ya risiti iliyokamilika.

Kikwajuni_Juu
Shukrani nyote. Samahani, nilikuwa kazini. TV ni Samsung inchi 43, imetundikwa ukutani. Matundu ya HDMI yapo mawili, moja limeandikwa ARC, na king'amuzi cha Azam kimechomekwa hapohapo. Tunakaa fleti ghorofa ya pili, jirani wa chini ana mtoto mchanga. Mama anatazama habari za ZBC, tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili, na usiku tarawehe za Makka. Alkhamis nimeitaja kwa sababu kaka yangu yuko Dubai na ndiyo siku yake ya mwisho ya kuzunguka madukani kabla ya kurudi.

BintiChake
Yakhe, Dubai ndiyo ungeanza nayo!

Fundi_Mlandege
Hasa. Dubai inabadilisha hesabu. Umeme wao ni kama wetu, na plagi zao ni pini tatu hizihizi, kwa hiyo yaliyomfika Fuoni hayakufiki. Kinachobaki ni urefu wa boksi. HT-S100F ina sentimita 90, haimo kwenye begi la kawaida. JBL ni 61 hivi, inaingia.

Sasa ukiifunga saundiba tazama hivi: hamisha king'amuzi kwenye HDMI ya pili, tundu la ARC uliachie saundiba. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Samsung uwashe Anynet+, ndiyo inayoifanya TV na saundiba zisikilizane. Usipoiwasha, saundiba itakaa kimya na utadhani ni mbovu. Kila wiki naletewa "mbovu" za namna hiyo. Ikishakubali, mama anatumia rimoti ileile moja ya TV kuongeza na kupunguza.

Shangani_Mwanamke
Mie siafiki kununua Dubai. Kitu kikikorofisha utakipeleka wapi? Dhamana ya kule mara nyingi haivuki bahari. Ukinunua hapa Mlandege au Darajani kwenye duka lenye jina, unarudi kesho yake ukamkuta mtu yuleyule. Kwa tofauti ya elfu hamsini mie nalipa nilale usingizi.

Jangombe_Halisi
Duka lenye jina? Fuoni katoka kuzungumza sasa hivi.

Shangani_Mwanamke
Fuoni kanunua mtumba. Nazungumzia kitu kipya, ndani ya boksi, na risiti. Usichanganye.

Bububu_Pwani
Nachangia kuhusu jirani. Fleti zile sakafu zinapitisha sauti, na besi ndiyo inayoshuka chini kuliko maneno. Usichukue chochote chenye boksi la kuweka sakafuni. Sony HT-S20R watu wanaisifia, spika tano na sabufa, lakini nyaya zake zinazunguka chumba kizima na jirani hatolala. HT-S100F ninayo, rimoti yake ina kitufe cha kuyatoa maneno mbele na kingine cha usiku. Kile cha usiku mtu akinong'ona unamsikia, na muziki ukipanda haukurushi. Kwa mama anayetazama tarawehe wenzake wamelala, sijaona kilicho bora kwa bei ile.

Na msitumie blututhi kwa tamthilia. Mdomo unatangulia na sauti inafuata, inaudhi.

BintiChake
Kabla hujatoa hata shilingi, jaribu hili leo usiku: TV nyingi kwenye sehemu ya sauti zina chaguo la kukuza maneno. Na kwenye king'amuzi, kama sauti iko kwenye Dolby, irudishe stereo. Kuna watu hapa Pemba tatizo liliishia hapo.

Kikwajuni_Juu
Nimejaribu sasa hivi. Mama kateremka kutoka 70 mpaka 55, anasema afadhali, lakini muziki wa tamthilia ukiingia maneno yanapotea tena. Kwa hiyo saundiba bado. Nimemtumia kaka picha za Sony na JBL, kasema ataiuliza ndege kuhusu boksi refu. Suala jengine: ukuta wetu wa zege, skrubu nitazitoboa mwenyewe au nitafute mtu?

Fundi_Mlandege
Zege ni rahisi, drili ya nyundo na plagi za milimita nane. Wenye kazi ni wa Mji Mkongwe, mawe na chokaa. Unatoboa tundu dogo linatoka shimo la ngumi, plagi haishiki. Huko nawashauri waweke rafu. Acha nafasi kati ya saundiba na TV, isizibe jicho la rimoti.

Shangani_Mwanamke
Wetu ulibomoka hivyohivyo, fundi akaukandika kwa saruji. Saruji juu ya chokaa inafungia unyevu ndani, baada ya masika ukuta ukaanza kuchanika. Chokaa kwa chokaa, tafadhalini.

Wete_Kipangani
Nimesoma yote. TV yangu ya zamani haina ARC wala tundu la optiko (la waya wa mwanga), ina la hedifoni tu. Saundiba itakubali?

Bububu_Pwani
Itakubali kama saundiba yenyewe ina AUX, tundu la kuingizia sauti kwa waya, siyo zote zinayo, uliza kwanza. Waya ni ule wa milimita 3.5 ncha zote mbili. Lakini mpaka uiwashe na kuizima kwa rimoti yake.