Naomba ushauri: insulini ya mama imeganda kwenye friji

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana kisukari na anajidunga insulini kila siku. Juzi nilipanga friji upya nikasukuma vichupa vyake nyuma kabisa, vikagusa ukuta wenye barafu. Asubuhi nimekuta viwili vimeganda kama jiwe. Nimeumia sana, maana dawa yenyewe tunaipata kwa shida.

Ninavyojua, insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda, protini yake huharibika, na hata ikiyeyuka ikaonekana safi haifai tena, kwa sababu sukari inaweza kupanda huku mgonjwa akiamini amepata dozi yake. Kwa hiyo hivyo viwili sitampa. Kinachoniumiza kichwa ni kichupa cha tatu: kilikuwa pembeni yao, ni baridi mno lakini hakikuganda, au labda kiliganda kidogo usiku kikayeyuka. Nikitupe?

Na wenye wagonjwa nyumbani, mnaiweka sehemu gani ya friji? Mlangoni naogopa joto linabadilika kila mara tukifungua. Nafikiria kununua kipimajoto kidogo cha kuweka humo ndani, kama kuna anayekitumia anieleze kinasaidia kweli. Umeme ukikatika muda mrefu mnafanyaje? Nimesikia habari za chungu chenye mchanga mbichi, ila sijaona kwa macho.

Mama bado ana kichupa kimoja kilichofunguliwa, hicho hakikuwa kwenye friji. Naombeni msaada kabla hakijaisha.