MREJESHO: Matundu ya bati yaliyokuwa yanatoka na makali

Wakuu, niliuliza kwa nini matundu ninayotoboa kwa presi (mashine ya kugandamiza) kwenye bati la chuma la milimita 2 yanatoka na makali (ncha za chuma zinazochomoza ukingoni) upande wa chini. Mlionishauri nipime nafasi kati ya panchi (chuma kinachoshuka kutoboa) na dai (kipande cha chini chenye tundu ambamo panchi inaingia), asanteni sana, mlilenga palepale.

Nilidhani panchi inakata bati lote mpaka chini. Kumbe inakata sehemu tu, iliyobaki inapasuka yenyewe. Nimelichunguza tundu moja kwa karibu: juu kuna utepe unaong'aa, chini yake pamefifia na panakwaruza.

Panchi ilikuwa imelika na nafasi imezidi. Nimeinoa, dai nimebadilisha, sasa ni milimita 0.15 kila upande. Makali yaliyobaki ni madogo mno, tupa inayamaliza mara moja.