Wenye wakandaji wenu wa kienyeji Mbeya, Iringa, Njombe, tupeane uzoefu

Kuli wa Uyole
Wakuu habari za jioni. Baridi ya mwezi wa saba hii imenikaza mgongo nikasema ngoja niwaulize na wenzangu, nani anakuchua huko kwenu na mmeshibana vipi?

Mi nina bibi yangu yuko huku juu njia ya Isyonje. Sio bibi wa damu ila harusini kwangu alikaa na wazazi na wanangu wanajua ni bibi yao basi. Kazi yangu kupakia viazi kwenye fuso, na lumbesa mnaijua, ile sio gunia ni adhabu, ukiibeba miaka kiuno lazima kikudai.

Sasa bibi ukifika hakushiki kwanza. Anakwambia tembea mpaka pale kwenye mparachichi urudi, yeye kakaa kwenye kigoda anakuangalia miguu tu. Halafu anapasha mafuta ya parachichi, anayachemsha mwenyewe, anayaonja joto kwa nyuma ya mkono ndo anaanza, tena anaanza mbali kabisa na panapouma. Unaumwa kiuno yeye yuko nyuma ya paja huko, ukijitia ujuaji "bibi sio hapo" anakujibu "kwani anayechua nani?" Ananyamaza, dole gumba linatambaa polepole mpaka likute pale palipokaza, hapo halitoki, linakandamiza tu na anakwambia pumua, we acha kushindana na mimi pumua. Unasikia kabisa panaachia.

Bei hana. Napeleka sukari, majani ya chai, siku nyingine debe la viazi. Baridi ikianza ananipigia yeye, "mgongo wetu unaendeleaje?" Mama yangu mzazi mpaka anaona wivu.

Mnyalu wa Kihesa
Kamwene mkuu. Wa kwangu mama mmoja hapa Iringa, kasajiliwa kabisa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, karatasi kaibandika ukutani. Niliumia enka kwenye ndondo, wenzangu wakanibeba mpaka kwake nikijua navutwa pale pale yaishe. Akapapasa taratibu, alipofika kwenye mfupa nikaruka, akaondoa mikono akasema hapa mwanangu sigusi nenda kapige picha. Kweli bwana mfupa ulikuwa na ufa! POP, ile plasta ngumu, ilipotolewa nikarudi kwake ndo akanifanyia kazi mpaka nikarudi uwanjani. Wavutaji wapo wengi mtaani, ukipiga yowe wao ndo wanaona dawa inaingia, mi siwezi kumpa mguu wangu mtu wa hivyo.

MamaWawili Tukuyu
Mimi wangu ni jirani yetu, namwita mama mkubwa. Mtoto wa kwanza nilijifungua kawaida, alinikanda kwa taulo na maji ya moto asubuhi na jioni, ya moto ya kuvumilika sio yale ya kumbabua mtu. Wa pili nilipasuliwa, akaja na beseni lake kama kawaida, aliposikia kisu akalirudisha nje. Tumbo hakuligusa hata kwa kidole. Akawa ananichua mabega na shingo maana kunyonyesha kulikuwa kumeniua, huku ananipigia stori za Kinyakyusa za zamani mpaka nasinzia na mtoto mkononi, anamchukua. Na mjamzito hamgusi tumbo, ukimletea habari za kugeuza mtoto anakuuliza kliniki umeenda lini. Ndaga fijo mama mkubwa, simu yenyewe hana hatasoma haha

Konda Mstaafu
Kuli hebu tuelekeze kwa bibi

Kuli wa Uyole
@Konda thubutu, mkaniwekee foleni

Dereva T
Mi nakanyaga Tunduma Dar. Makambako kulikuwa na mzee mmoja haoni, alikuwa anachua madereva. Alikuwa hakuulizi jina, anakushika bega anakutaja. Siku moja kashika tu ugoko akasema mguu wa kushoto umekaza kuliko mara ile, umebadilishiwa gari? Nikabaki mdomo wazi, maana bosi alikuwa kanipa gari lingine klachi ngumu balaa. Alishafariki, niliomba ruhusa nikamzika. Sasa hivi nachuliwa popote nilipolala, wanajitahidi sikatai, ila unaanza kujieleza upya kila mara, we mgeni tu.

Binti Igawilo
Poleni na hongereni. Kuli naomba msaada, mama yangu mguu mmoja umevimba kuanzia jana, na ni wa moto, bibi anaweza kumchua?

Kuli wa Uyole
Dada usichue kabisa huo mguu, na wala usimpe mtu yeyote auchue! Bibi aliwahi kumrudisha mtu wa hivyo mlangoni. Mguu mmoja kuvimba ghafla na una joto inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, ukikandwa lile donge linaweza kung'oka likapanda kwenye mapafu, watu wanakufa. Mpeleke hospitali leo leo usingoje kukuche. Akishaangaliwa na daktari akasema sawa, nitakupeleka mwenyewe kwa bibi, na Konda asijue.