Mjadala: Askari wetu wakiuawa, habari yao ni ya nani?

Mwana wa Langas (mleta mada)

Wakuu, nina jambo limenikaa rohoni tangu 2016.

Ijumaa ya tarehe 15 Januari mwaka ule, alfajiri, Al-Shabaab waliivamia kambi ya KDF, jeshi letu la Kenya, iliyokuwa El Adde, mkoa wa Gedo, Somalia, chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Wengi wa waliokuwamo walikuwa vijana wa kikosi cha 9 cha Kenya Rifles, wa Moi Barracks hapa Eldoret. Kufikia Jumamosi jioni mtaa wetu ulikuwa umeshajua, na hakuna redio iliyotuambia. Tulijua kwa simu zilizoita bila kupokelewa, na kwa wake za askari ambao hawakufungua vibanda vyao siku hiyo.

Mkuu wa majeshi, Samson Mwathethe, alijitokeza akatueleza nguvu ya mabomu yaliyotumika, kwamba yalizidi mara tatu lile lililobomoa ubalozi wa Marekani Nairobi 1998. Bomu tulipewa hesabu yake. Watu, hapana. Tarehe 23 mwanahabari Yassin Juma, aliyekuwa akiandika mambo ya El Adde kwenye kurasa zake za mtandaoni, akakamatwa. Tarehe 27 marais watatu, Kenyatta wetu, Buhari wa Nigeria na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia, wakaja Eldoret kwenye ibada ya kuwaombea marehemu, nasi tukalia bila kujua tunawalilia wangapi. Mwezi uliofuata Hassan Sheikh huyohuyo akasema kwenye televisheni kwamba waliokufa ni kati ya 180 na 200. Jeshi likakana, lakini idadi yake halikuitoa. Mei, CNN walikusanya wakafikisha 141.

Hoja yangu ni fupi. Al-Shabaab ndio waliobaki uwanjani vita vilipokwisha, kwa hiyo walihesabu kwanza. Aprili wakatoa na video. Sasa siri ile alikuwa anafichwa nani, kama si mimi na wewe? Mimi nasema bloga aandike hata akikatazwa. Anayepinga aje na sababu, matusi tuyaache mlangoni.

Kamanda Mstaafu

Nimevaa sare miaka 22, na Somalia nimefika. Mleta mada una uchungu, nakuelewa, lakini hesabu yako ina tundu.

Adui alihesabu maiti. Hakuhesabu waliotoroka. Baada ya El Adde kulikuwa na vijana vichakani, wengine wamejeruhiwa, hawana maji, wanatafutwa. Bloga akiandika kwamba amezungumza na mmoja aliyepona, na kwamba wako kadhaa wanaelekea upande fulani, amemsaidia nani? Yeye hajui lipi ni la kusema na lipi si la kusema, maana hana ramani ya operesheni mbele yake. Ana simu na bando tu.

Kumbukeni Mumbai, Novemba 2008. Waliowatuma wale wavamizi walikaa Pakistan wakitazama televisheni za India mubashara, kisha wanawapigia vijana wao ndani ya hoteli kuwaambia makomando wanatokea wapi. Hiyo si hadithi, simu zilinaswa zikasikilizwa mahakamani. Kama televisheni yenye mhariri ilifanya hivyo, je, kijana mmoja chumbani kwake?

Na akikosea, nani anamwajibisha? Anafuta andiko lake asubuhi, anaendelea na matangazo ya viatu.

Sauti ya Kariobangi

Kamanda, na yule waziri wa magodoro aliwajibishwa na nani? Septemba 2013 magaidi wamevamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, linafuka moshi mweusi, waziri wa usalama Joseph ole Lenku anatwambia magaidi wamewasha magodoro. Baadaye kamera za ndani ya jengo zinatuonyesha askari wametoka na mifuko ya supamaketi. Tungesubiri taarifa rasmi tungekuwa bado tunazungumzia magodoro.

Kamanda Mstaafu

Lenku aliondolewa Desemba 2014, baada ya wafanyakazi kuuawa kwenye machimbo ya mawe Mandera. Na mikanda ya Westgate ilionyeshwa na kituo cha televisheni, chenye leseni, chenye anwani, vita vikiwa vimekwisha. Bloga hakuhusika. Unanisaidia hoja, asante.

Bint wa Lamu

Assalaam aleikum jamaa.

Ninyi mwazungumza habari za vita kama watu wanaotazama mpira. Sisi huku habari ya usalama ni kujua kesho mtu atakwenda shamba au hatokwenda. Juni 2014 Mpeketoni waliuawa watu zaidi ya 60 kwa siku mbili. Al-Shabaab wakasema ni wao. Rais akasema si wao, ni mitandao ya wanasiasa wa huku. Jirani akamtazama jirani yake kwa jicho jingine, na kutoka siku ile kuna salamu ambazo hazijarudi mpaka leo. Ikaja kafyu, wavuvi wa usiku wakazuiwa bahari, nyumba zikalala njaa, kisha ikaja operesheni ya msitu wa Boni. Miaka yote hiyo ukiuliza kumetokea nini jana barabara ya Hindi, hupati wa kukujibu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi simtetei bloga kwa sababu ni mkweli. Wengine waongo, twawajua, na wengine hulipwa na wanasiasa. Namtetea kwa sababu ana jina. Akinidanganya leo, kesho nitamkumbusha hapo hapo kwenye ukurasa wake. Yule akikamatwa, akanyamaza, hatuketi kimya sisi. Huja zile sauti za WhatsApp, mtu hajulikani, anapumua kwa kasi, asema "wameonekana Bargoni, kimbieni." Tumekimbia usiku na watoto kwa sauti ya mtu tusiyemjua. Serikali inadhani ikimzima bloga imezima habari, kumbe imezima ile ambayo mwenyewe anajulikana.

Wakili Bila Joho

Niseme la sheria, maana naona watu wanasema "imekatazwa" bila kutaja wapi.

Kenya, kila bloga anapokamatwa kwa habari za usalama, kifungu ni kingine. Mwisho wa 2014 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama (wabunge walirushiana maji siku ile, mtakumbuka). Humo, ukitangaza jambo linalohujumu operesheni dhidi ya ugaidi bila idhini ya polisi, faini hadi milioni 5, au jela hadi miaka 3, au vyote. Februari 2015 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Mwaka uliofuata Yassin Juma akashikwa kwa kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, cha kutumia vibaya chombo cha mawasiliano. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakitupilia mbali hicho nacho: maneno yake hayaeleweki, raia hawezi kujua kosa linaanzia wapi. Ikaja sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, ambayo habari ya uongo inayozua taharuki ingeweza kukupeleka ndani miaka 10. Chama cha wanablogu, BAKE, kikaenda kortini. Vifungu 26 vikasimamishwa Mei 2018. Februari 2020 Jaji Makau akavirudisha. Katikati hapo, Juni 2019, Robert Alai akakamatwa kwa kuweka picha za polisi waliouawa Wajir, na yeye akakutana na sheria ya ugaidi.

Kwa hiyo mteja akiniuliza kama kuandika habari fulani ni kosa, huwa namuuliza ni mwaka gani.

Maoni yangu binafsi: ningekubali amri ya kimya kama ina saa. Kwa mfano saa 72. Ndani ya saa hizo usitaje mahali, usitaje waliopona, jeshi litafute watu wake na familia ziarifiwe. Zikipita, idadi itoke kwa barua yenye sahihi. Kimya kisicho na mwisho ndicho kinachompa bloga kazi.

Mkazi wa Rufiji

Wakenya mnabishana na jaji, hongereni. Sisi huku Tanzania tuliokaa Kibiti, Mkuranga na Rufiji kati ya 2015 na 2017 hatukuwa na jaji wa kubishana naye. Wenyeviti wa vijiji wanapigwa risasi, Aprili 2017 polisi wanane wakauawa kwa mpigo, watu wakawa wanafunga milango saa kumi na mbili jioni. Mwandishi aliyekuwa akituletea habari hizo gazetini, Azory Gwanda wa Mwananchi, alionekana mara ya mwisho 21 Novemba 2017. Julai 2019 Waziri Kabudi aliiambia BBC kwamba ametoweka na amekufa, halafu tukaambiwa waziri alieleweka vibaya. Mpaka hapo uniambie nani mwingine angeandika Kibiti.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Bloga alipe ada zinazofika kama shilingi milioni 2 ndipo aandike. Kijana wa Ikwiriri anayeuza vocha azitoe wapi? Juni mwaka huo hata JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ikalazimika kufunga kwa muda.

Nikushushe kusini kidogo, ng'ambo ya Ruvuma. Cabo Delgado, Msumbiji, watu wanaosikia Kiswahili kama sisi. Januari 2019 Amade Abubacar wa redio ya jamii alikamatwa Macomia akiwapiga picha wakimbizi wa vita. Miezi zaidi ya mitatu ndani. Aprili 2020 Ibraimo Mbaruco wa redio ya Palma alituma ujumbe kwamba amezungukwa na askari, na huo ndio ukawa wa mwisho. Basi Oktoba 2020 vita vilipovuka mto vikafika Kitaya, Mtwara, sisi wa upande huu tuliokuwa na ndugu kule tulikuwa tukitegemea habari za nani? Tamko la polisi lilitoka baada ya siku kadhaa.

Kamanda anasema bloga hana ramani. Sawa. Lakini mwanakijiji wa Kitaya naye hakupewa ramani, na risasi haikumuuliza.

Dada Yake

Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo nimeshindwa.

Kaka yangu alikuwa El Adde. Siku ya nne tulikuwa bado tunapiga simu. Ofisi tuliyopewa namba yake, kila anayepokea anasema subirini mtapigiwa. Mama alikuwa anapika chakula na kukifunika, kila siku sahani moja zaidi.

Jumanne usiku binamu yangu akanitumia picha. Ilikuwa imeshapita makundi mengi, ukiitazama imepauka. Juu yake kuna jina la ukurasa fulani, ambao unajiita wa habari. Watu wamelala. Nyuso nyingine hazionekani. Mmoja ana saa mkononi, kioo chake kimepasuka pembeni, na mkanda umefungwa kwa uzi wa kijani. Huo uzi niliufunga mimi, Desemba, sebuleni kwetu.

Kwa hiyo mleta mada, ulitaka kujua kama bloga aandike. Aliniambia ukweli siku tano kabla ya serikali. Na sitamsamehe. Nimejaribu kuyaweka hayo mawili pamoja miaka yote hii, hayakai. Alikuwa anaweza kuandika "wameuawa wengi, kambi imetekwa," nikakaa chini nikalia kama watu. Ile picha ilikuwa ya kazi gani?

Na Kamanda, usije ukafikiri niko upande wako. Mama alipika siku tano kwa sababu ya watu wako.

Saa 72 za wakili zingenitosha. Tungezipata.

Sauti ya Kariobangi

Pole sana dada. Mimi ni mmoja wa waliosambaza picha zile wakati ule. Nilidhani nafanya la maana.

Wakili Bila Joho

Dada, pole. Umeligusa ambalo sheria zetu zimekuwa zikilizungukia. Katiba kifungu cha 33 kinampa bloga uhuru wa kueleza, lakini hicho hicho kinasema mtu akiutumia aheshimu haki na heshima ya wengine. Idadi ya waliokufa haimvunjii mtu heshima. Wanaoshtakiwa wamewekwa kapu moja, aliyeandika idadi na aliyetembeza maiti, na ndiyo maana mashtaka hayo hayafiki mbali.

Kamanda Mstaafu

Dada, nimesoma andiko lako mara mbili. Enzi zetu afisa alikwenda nyumbani na kasisi au shehe, akagonga mlango, akasema. Nimegonga milango miwili maishani mwangu na sijaisahau. Kama hamkugongewa, hilo ni kosa la jeshi na silitetei.

Lakini sibadilishi neno kuhusu bloga. Siku ya kwanza hajui nani yu hai. Akae kimya siku hizo za kwanza, mwenye msiba akishagongewa mlango, aandike apendavyo.

Mwana wa Langas (mleta mada)

Kamanda, hapo kwenye siku za kwanza nimekusogelea, nakiri. La waliotoroka sikulifikiria. Lakini sasa tuzungumzie siku za pili. Januari 2017 ikawa kambi nyingine ya Somalia, Kulbiyow. KDF ikasema askari 9, Al-Shabaab wakasema zaidi ya 50. Saa 72 za wakili zimepita mara ngapi tangu hapo? Ukimnyamazisha bloga siku ya kwanza kwa ajili ya uokoaji, siku ya elfu mbili unamnyamazisha kwa ajili ya nini?

Bint wa Lamu

Ajibu hilo kwanza, mengine yatafuata.

Kamanda Mstaafu

Nitajibu, nipeni muda, si swali la kujibiwa kwa simu. Dada, nikuulize jambo moja kama mtu mzima. Vitu vyake mliletewa?

Dada Yake

Begi lilikuja mwezi wa tatu. Sare mbili, Biblia, chaja ya simu, soksi ambazo si zake.

Saa haikuwemo.

Aliye na picha ile bado kwenye simu yake, naomba aifute.