Kujenga ghorofa karibu na uwanja wa ndege, Unguja

Assalam aleikum ndugu zangu. Kiwanja kipo mita 1,060 mbele ya ncha ya njia ya kurukia ndege, usawa mmoja nayo. Mwisho wa urefu?

— Waaleikum salaam. Kwa njia kubwa yenye mitambo ya kuongozea kutua, mpaka huanzia mita 60 kutoka ncha, ukipanda mita 2 kila mita 100. Hapo ni mita 20, tangi la maji na antena vikiwemo. Ardhi ikiinuka mita 6, zimebaki 14 tu.

— Minazi nayo huhesabiwa! Na jaa lisiwe wazi, tafadhalini: kunguru hufuata taka, wakivutwa na injini ni roho za watu.

— Kibali cha urefu kabla ya msingi. Kelele hupenya kwenye matundu ya hewa kwanza.