Tunapita njia ya pwani hadi Mombasa na marafiki, lakini ndugu zangu wamejipanga njia nzima. Nifanyeje?

Mjukuu_wa_Ngamiani
Wakuu habari za saa hizi.

Desemba hii tumepanga safari watu watano, wanaume watatu na wanawake wawili, wote tulisoma chuo kimoja. Tunashika pwani na Noah: Dar, Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga, tunavuka Horohoro kwenda Mombasa, na nguvu zikibaki tunasogea Malindi. Siku tisa, kuondoka tarehe 20. Wenzangu wanataka bahari, pweza na picha, basi.

Shida ni mimi. Njia yote hiyo ni kwetu. Shangazi yuko Pangani mjini, bibi mzaa mama yuko Tanga, Ngamiani, na mjomba anakaa Kibokoni, Mombasa. Mwaka juzi nilipita Tanga na hawa hawa, tukafika usiku, tukalala gesti, alfajiri tukaondoka. Nikaweka picha mtandaoni. Haikuisha wiki bibi akanipigia. Hakugomba. Aliuliza tu, "Siku hizi barabara ya Tanga haipiti kwangu?" Nilitamani simu ikate.

Sasa naomba ushauri: hawa wazee watatu niwaone vipi bila kuigeuza safari ya watu kuwa ziara ya ukoo? Tulale kwao au tulale nje? Na gari ni la kaka wa mmoja wetu, mpakani kuna shida?

Pilau_Halina_Mwenyewe
Marafiki hawatakuosha siku ukifa. Ndugu kwanza.

Bwana_Tochi
Na ndugu hawatakuchangia mafuta. 😂

Dereva_Mstaafu
Kabla hatujafika kwa shangazi, badili tarehe. Kuanzia tarehe 20 hadi mkesha wa Krismasi, Chalinze hadi Segera si barabara, ni foleni ya Wachaga wanaopandisha Moshi. Kila gari limejaa, kila dereva ana haraka, na trafiki wamejipanga na tochi kila penye kibao cha 50. Hata ukipanda kwa njia ya Bagamoyo, kurudi utapita huko. Ondoka tarehe 12, rudi tarehe 20. Wakati wenzako wanapanda, wewe unashuka na upande wako mweupe.

Njia ya Bagamoyo–Saadani–Pangani ni nzuri kwa macho, ila nilipoipita mara ya mwisho ujenzi wa lami ulikuwa unaendelea, kuna vipande safi na vipande vya vumbi. Uliza hali yake siku mbili kabla. Vuli ikichelewa kuisha, udongo ule mweusi haumwogopi mtu. Pia inapita ndani ya hifadhi, kwa hiyo usiipite usiku. Tembo hana taa za nyuma.

Ukitoka upande huo unaibukia Bweni, ng'ambo ya mto. Pangani mjini unaiona hiyo hapo, lakini kama ni kivuko mnasubiri kivuko. Usimwambie shangazi "nafika saa saba mchana". Mwambie "nafika leo".

Mama_Zuu
Mwanangu, hilo la kulala nalisema kama shangazi wa watu. Wanaume watatu na wasichana wawili, hakuna ndoa hata moja humo. Shangazi yako hatasema kitu mbele ya wageni. Atatandika, wasichana chumba cha ndani na yeye, nyie ukumbini kwenye mkeka. Lakini usiku atakuita jikoni umsaidie kitu ambacho hakina haja ya msaada, na hapo ndipo utaulizwa, "Yule mwembamba ni nani wako?" Jibu uwe nalo tangu Bagamoyo.

Ushauri wangu: laleni nje, kuleni ndani. Chukueni vyumba, kisha nendeni kwa wazee mchana. Kwa mtu mzima kulala kwako si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kula kwake. Ukifika kwa bibi umeshiba chipsi za njiani, hapo ndipo umemtukana. Na uwapigie mapema waseme wenyewe siku gani, maana mzee akipikia watu watano kwa kushtukizwa, anaazima sufuria kwa jirani na mtaa mzima unajua.

Mikono mitupu hapana. Doti ya kanga, sukari, majani ya chai, inatosha. Kanga usome maneno yake kwanza! Mkwe wangu aliniletea iliyoandikwa kijembe, mpaka leo sijui kama hakujua au alijua.

Mjukuu_wa_Ngamiani
Mama Zuu nimecheka peke yangu ofisini. Huyo mwembamba kweli yupo. 🙈

Dereva, tarehe nimewapelekea wenzangu, wamekubali.

Mwana_wa_Ushongo
Mkuu, ukija huku angalia mwezi kabla ya kuangalia kalenda. Kisiwa cha Maziwe, kile cha mchanga mweupe kwenye picha za watu, hakionekani muda wote. Maji yakitoka kinaibuka, yakijaa kinazama chote. Wenye boti wanajua saa yake, mkiambiwa tunaondoka saa moja asubuhi msianze kutafuta chai. Na boti zinatoka upande wetu wa Ushongo, kusini ya mto, kwa hiyo fanyeni hilo kabla hamjavuka kwenda kwa shangazi. Ukishavuka, ukishakula, ukishalala, nani atakurudisha?

Mvita_Asili
Mie wa hapa Mombasa, Mji wa Kale. Nakwambia mapema, Kibokoni hapana pa kueka Noah. Vichochoro vyetu vilijengewa watu na mikokoteni. Utaiacha karibu na Ngome, na ukilala kwa mjomba utakuwa wakumbuka gari usiku kucha. Mkitoka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, mna njia mbili: mshuke Likoni mpange foleni ya feri, au mzungukie Dongo Kundu mtokee Miritini, ambayo kwa mtu aendaye Mji wa Kale ni kuzunguka nyumba kutafuta mlango.

Diani, ufukwe ule wa kusini ya Mombasa, mpite katikati ya juma. Desemba watu wa bara wanateremka na vyumba vyapanda bei kila siku. Malindi kwa siku tisa hizo mwajitesa, kutoka hapa ni kilomita 120 na Mtwapa pale msongamano hauna adabu. Bora mkae kwa mjomba siku mbili, asubuhi mule mahamri na mbaazi, jioni viazi karai pale baharini, mtembee kwa miguu.

Wakala_wa_Horohoro
Kuhusu mpaka. Watu: pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano mara nyingine huulizwa, beba. Gari: kadi halisi ya gari, si nakala. Bima ya COMESA, ile tunayoita kadi ya njano, kwa sababu bima yako ya ndani inaishia getini. Kibali cha muda cha forodha mtapata hapo hapo. Kwa kuwa gari si lako, mwenye gari aandike barua ya ruhusa, igongwe muhuri na wakili.

Mifuko ya plastiki toeni yote kwenye gari. Kenya waliipiga marufuku 2017, sisi 2019, lakini kuna watu bado wanafungia nguo chafu kwenye rambo za zamani.

Pili_wa_Kinondoni
Samahani, huyo mwembamba ni mimi. 😐

Mama Zuu tutaongea. Ila nimeingia kwa jambo jingine. Noah ni ya kaka yangu na leo nimemuuliza kuhusu kadi. Kadi halisi haipo nyumbani. Alichukua mkopo mwezi wa saba, kadi imeshikwa na waliomkopesha mpaka amalize. Anayo nakala tu. Sikujua mpaka niliposoma hapa.

Wakala_wa_Horohoro
Basi hilo gari halivuki. Utakuta mtu kwenye vibanda atakwambia "nipe kidogo nikupitishe". Usithubutu. Ukigonga kitu upande wa pili bila kibali na bima, hutakuwa na wa kumpigia.

Mjukuu_wa_Ngamiani
Pili ungenipigia simu kwanza bwana.

Sasa hapa safari imekufa au?

Dereva_Mstaafu
Imekufa wapi? Horohoro ni kama kilomita 65 tu kutoka Tanga. Acheni gari Tanga, pandeni basi la Mombasa. Likoni mnavuka kwa miguu, na kwa mguu feri ni bure. Mvita kashakwambia gari Kibokoni ni mzigo.

Swali ni gari mnaliacha wapi.

Mama_Zuu
Dereva, umeliona na wewe?

Mjukuu, bibi yako ana uwanja?

Mjukuu_wa_Ngamiani
Ana uwanja. Una mwembe na banda la kuku.

Mama_Zuu
Basi kazi imekwisha. Gari mnaliacha kwa bibi, kwa hiyo mnamwona mkienda, na mnalazimika kumwona mkirudi. Wala hao rafiki zako hawawezi kulalamika, maana mzee anawapa maegesho ya bure. Mara ya kwanza nendeni mchana mle. Mara ya pili hata chai tu.

Bwana_Tochi
Mara ya pili mtakuta kuku mmoja hayupo bandani. Kwa heshima yenu.

Mjukuu_wa_Ngamiani
Mrejesho wakuu.

Tumekaa jana watano wote. Tunaondoka 12. Usiku mmoja Bagamoyo, miwili Ushongo kwa ajili ya Maziwe, halafu tunavuka, mchana mzima kwa shangazi na kulala gesti pale pale Pangani. Tanga usiku mmoja, basi la Mombasa, kwa mjomba siku mbili na Diani usiku mmoja wakati wa kurudi. Malindi tumeifuta, mmoja amenuna kidogo ila atapona akiona pweza.

Shangazi ameshauliza ni wangapi wasiokula pilipili. Mjomba amesema vyumba vya nje ni kumvunjia heshima, tutalala kwake, wasichana kwa binti zake ghorofani. Kwake nimekubali, sina pa kukatalia.

Bibi nilimpigia wa mwisho, nikiogopa. Nikamweleza habari ya gari, kwamba tutaliacha kwake siku nne tukirudi tulichukue. Akakaa kimya. Nikasikia anamfukuza kuku. Halafu akasema, "Lileteni, nitaliangalia. Ila funguo mniachie mimi."